Pumzi Niliyofundwa Kubana

Jicho la kushoto lilikufa kimyakimya, bila maumivu. Nilidhani ni vumbi la salfa tunayopulizia mikorosho, nikawa naliosha kwa maji, nasubiri. Nilipofika hospitali Nachingwea, likawa limebaki la kulia tu. Daktari wa macho akalipima, akasema lina presha. Nikamwambia presha yangu walishaipima, iko sawa.

"Hiyo ni ya damu, bibi. Hii ni ya jicho. Ukinyanyua mzigo unafanyaje?"

"Nabana pumzi, najikamua."

"Hapo ndipo unapoliumiza. Ukibana, damu inakwama kichwani, presha ya jicho inapanda. Moyo nao unakimbia, ukiachia unapungua ghafla. Weka matone kila siku, mizigo waachie wengine. Ikibidi kunyanyua, toa pumzi, hata kwa kuguna."

Kuguna! Sisi unyagoni nyakanga, kungwi wetu, alitufunda: mwanamke haguni. Ndoo, mchi, uchungu wa uzazi, vyote unabana pumzi na kufunga mdomo. Anayeguna kamwaibisha mama yake. Nimezaa hivyo wanangu wote, jirani hakusikia kitu.

Nikarudi kijijini, Narung'ombe. Binti yangu, ninayeishi naye, akasema, "Mama, maji nitachota mimi." Maneno mazuri. Lakini msimu wa korosho anatoka alfajiri kwenda kuwaokotea watu, na ndoo haijichoti. Nikaenda bombani, nikaguna kama nilivyoambiwa. Wanawake wakaangua kicheko.

"Bibi, unazaa? Tukuitie mkunga?"

"Niitieni mwanaume kwanza."

Wakazidi kucheka. Aibu niliivumilia. Mwili ndio uliokataa. Nikishika ndoo, kabla sijakumbuka, mdomo umeshafunga, mishipa ya shingo imesimama, moyo unagonga kifuani. Pumzi naiachia ndoo ikiwa tayari kichwani. Kila siku hivyo. Ulichofundwa ukiwa mwari hakikutoki kwa neno la daktari.

Niliporudi kupimwa, daktari alilipima tena jicho. Akasema kilichopotea hakirudi, tunalinda kilichobaki. Na kilichobaki ni katikati tu, kama kuchungulia kwenye tundu la ukuta wa udongo. Kila mwezi tundu linaziba kidogo. Matone naweka. Mungu namwomba, lakini siku hizi namwomba kwa mazoea.

Juzi binti yangu alikaa ubavuni pangu mkekani, sijui tangu saa ngapi. Akasema, "Mama, nipo hapa."

Nikamwambia najua. Sikujua.