Gololi za Tope la Maji Taka

Leo nimejiaibisha. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba baridi ya nyanda za juu kama Nairobi hufanya tope la maji taka lioze polepole. Tulipozuru mabwawa ya kusafishia maji hayo, niliona haya kuuliza tope kavu liko wapi, nikazoa tu pale kandoni. Nilipata vigololi vyeusi, na havikunuka sana! Wiki mbili nilivipima kwa rula, nikaandika kwamba mwinuko ndio unaoviringisha tope. Nilitamani sana kufika maonyesho ya sayansi ya mkoa. Leo, kwenye mchujo wa shuleni, nikamweleza jaji yote kwa kujiamini. Akavunja kigololi kimoja, akanusa, akanitazama.

“Aki msichana, huko kwenu mtaani Parklands hamjawahi ona mavi ya mbuzi?”