Kutoka Gwata Hadi Kisarawe Kuifungua Sauti ya Bi Tatu

Wengi wenu hapa Gwata mliniona asubuhi ile nikipita na kompyuta nimeifunga kwenye kanga ya marehemu mke wangu, na pingili za mihogo begani, mkadhani mzee Salehe anakwenda mnadani. Sikuwa na cha kuuza. Nilikuwa naipeleka sauti ya Bi Tatu ikafunguliwe, na kwa kuwa kila ninapokaa naulizwa ilikuwaje, naandika mara moja, msome wote, mniache nikapalilie.

Bi Tatu, mke wangu, mnamjua. Nusu ya wanawake wa kijiji hiki amewacheza unyago yeye. Alikuwa kungwi, tena kungwi wa sauti. Kabla hajafariki alianza kuona wasaidizi wake wanazeeka na wasichana hawazishiki nyimbo, akaniita. "Baba Hadija, hicho kidude unachokibonyeza kutwa, kinaweza kuniwekea nyimbo zangu?"

"Kinaweza."

"Bila wewe kusikia?"

"Bila mimi kusikia."

Maana nyimbo za mwali si za wanaume, hilo hakuna asiyelijua. Nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza, nikatoka. Ikawa kila alasiri nafukuzwa ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, nakwenda kukaa kwenye mkorosho mpaka aniite. Akaziimba zote, tangu mwali anapowekwa ndani mpaka anapotolewa.

Sasa mwaka huu mwali ni mjukuu wetu wenyewe, Zuhura. Ngoma imeshatangazwa, wageni wameshaalikwa. Shemeji yangu Bi Mwanaidi, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeshika nafasi. Akanijia uso umemsawajika. "Shemeji, wimbo wa kumtoa nje naujua mwanzo na mwisho. Katikati pamenitoka. Nipe sauti ya dada nikumbuke, la sivyo tutamtoa mtoto nusunusu." Na mtoto hatolewi nusunusu.

Nikafungua kompyuta. Mafaili yamejipanga, nayaona, lakini ile programu ya kurekodi ikaniandikia kwamba huduma imesitishwa. Basi. Wenyewe wamefunga duka, wameondoka na ufunguo. Na mafaili yale yalikuwa ya aina yao wenyewe, programu nyingine ikiyagusa inasema haina habari nayo. Nikakaa kitandani nikitazama jina la mke wangu kwenye kioo. Yumo humo, na haongei.

Hapa nitoke njiani kidogo. Mimi shule niliacha darasa la pili, kusoma nimejifunzia ngumbaru ukubwani. Kompyuta nimeletewa na mkwe wangu ilipomchosha, nami nikaibonyezabonyeza mpaka ikanizoea. Nilipoingia kwenye kundi la simu la wapenzi wa programu huria, ndipo akili iliponichemka. Programu huria ni ile ambayo aliyeitengeneza anakupa na maandishi yake ya ndani, uone ilivyoshonwa. Unaitumia, unaitengeneza ikiharibika, unampa na jirani. Nilipoambiwa hivyo nikacheka peke yangu shambani, kwa sababu nilikuwa nimeshika pingili ya muhogo. Sisi mbegu ya muhogo hatuuziani! Jirani akiwa na muhogo mzuri unakwenda, unakata miti, unapanda kwako. Unalotakiwa ni moja tu, akija mwingine kwako mwakani usimnyime. Nikasema kumbe hawa watu wa kompyuta leo ndiyo wamefika huku tuliko sisi siku zote!

Kwenye kundi hilo yumo binti mmoja wa Kisarawe, Asha, mwenye duka la steshenari. Nikaandika shida yangu. Akajibu, "Babu, usitume kitu. Njoo nayo mwenyewe."

Alfajiri, Gwata. Nikaswali, nikakata pingili za ule muhogo wetu mweupe usio mchungu, maana kwenda kwa mtu mikono mitupu siwezi. Bi Mwanaidi akanisindikiza mpaka njia panda. "Shemeji, njiani usiifungue ukajaribujaribu. Nakujua wewe na vidole vyako." Nikamwapia.

Mlandizi nilisimama kwenye kibanda cha chai nikisubiri gari. Malori yalikuwa yanapita na makontena, yanakuja na kwenda bandari kavu ya Kwala, moja nyuma ya jingine. Nikayatazama yale masanduku ya chuma. Mwenye kibanda hajui kilichomo, na wengi wa madereva nadhani hawajui. Nikaona ndivyo ilivyo mitambo mingi ya siku hizi, unaishi nayo nyumba moja na hujui tumboni ina nini. Mwenye kibanda akaniuliza, "Mzee, kanga hiyo umembeba nani?" Nikamjibu, "Mke wangu." Akanipa kitumbua cha bure, nadhani alinihurumia akili.

Kibaha, jua limeshapanda. Hapa ndipo nilipotaka kuharibu kila kitu. Nilishuka kubadilisha gari, nikaona kibanda kimeandikwa kwamba wanafungua simu, kompyuta na kila kilichofungwa. Nikajiambia, kama wanafungua kila kitu, Kisarawe nafuata nini? Ndani kijana mmoja, nywele kazichora pembeni.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nina mafaili ya sauti hayafunguki."

"Hiyo ndogo sana, mdingi. Chap tu." Akaiunganisha kompyuta na mtandao, akafungua ukurasa umejaa matangazo ya dawa za nguvu, nikageuza macho. "Unatupia faili hapa, linakwenda, linarudi limeshafunguka. Bure kabisa."

"Linakwenda wapi?"

"Kwenye seva."

"Seva ni mwanamke au mwanamume?"

Kijana akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, we' noma! Seva ni mashine."

"Na mwenye mashine ni nani?"

"Ah, huyo sasa simjui. Yuko huko ughaibuni."

"Akilipata faili, halafu analifuta?"

Akajikuna. "Wanasema wanafuta."

"Na kama ni mwanamume?"

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, kimebaki kubonyeza tu. Nikaona nyimbo za Bi Tatu, zile ambazo mimi mumewe sijazisikia miaka yote ya ndoa, zinakwenda kwa bwana mmoja ughaibuni anazisikiliza huku anakula. Nikafunga kifuniko.

"Mzee, vidole vyangu!"

"Samahani mwanangu. Zina wenyewe hizi."

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la stendi. Na hapo hapo, ndugu zangu, kikanijia kitu ambacho kimeninyima usingizi kwa furaha. Wakubwa wa mtandao wa siku hizi vyao wanafunga, vyetu wanafungua! Programu yao hutakiwi kuichungulia hata tundu, lakini wao wanataka namba yako, picha zako, ulipo, unayempigia, na umeamka saa ngapi. Kila ukurasa una kitufe cha "Nakubali". Mwaka huu peke yake nimekubali mambo mengi kuliko niliyokubali katika ndoa yangu yote, na Bi Tatu alikuwa mwanamke wa amri. Programu huria ni kinyume. Chombo ndicho kinachokuwa wazi, wewe unabaki na siri zako. Nilikuwa naisema huria kwenye kundi kama kasuku. Siku ile Kibaha niliielewa kwa tumbo.

Kisarawe, adhuhuri. Nilizungukia Mbezi, nikapandisha vilima vya Pugu, msitu mkono huu na huu, hewa ikabadilika ikawa ya kutuliza kifua. Kisarawe mafenesi yananing'inia kama mafurushi. Nikaulizia duka la Asha, nikaonyeshwa karibu na soko. Nilimkuta binti mrefu, mtandio kichwani, anarudufu karatasi za mitihani.

"Shikamoo Babu. Wewe ndiye Babu wa Gwata? Nilidhani kwenye kundi kuna kijana anajitia uzee!"

"Marahaba mjukuu wangu. Nami nilidhani Asha ni mama wa makamo, kwa unavyotukaripia."

Akanikaribisha chai na muhogo wa kuchemsha. Kabla sijampa kompyuta nikamuuliza lililokuwa linanichoma. "Samahani mjukuu wangu. Wewe umechezwa?"

Wala hakukasirika. Akainamisha macho kama inavyotakiwa. "Nimechezwa, Babu. Hapahapa Kisarawe, bibi yangu ndiye aliyenisimamia."

"Alhamdulillahi. Basi shika."

Hakuunganisha mtandao. Kwanza kabisa aliuzima. Akachukua programu huria aliyonayo, akaipa faili la kwanza. Ikatoka sauti ya mkwaruzo tu, kama mtu anakwangua sufuria lililoungua. La pili, mkwaruzo. La tatu, mkwaruzo. Nikakiweka kikombe chini.

"Zimeoza?" nikamuuliza.

"Subiri Babu, usiwahi kulia."

Sasa hapa ndipo uzuri wenyewe. Ingekuwa programu ya wale waliofunga duka, mwisho ulikuwa huo, tungepeana pole. Asha alifungua maandishi ya ndani, mistari mingi kama mchwa, akawa anashuka nayo kidole kwenye kioo, anasoma kwa mdomo mdogomdogo. Nikavuta kiti. Kiingereza sijui, lakini nilikuwa natazama tumbo la mashine kwa mara ya kwanza, moyo unadunda kama wa bwana harusi. Akasema, "Ona hapa. Programu inadhani kichwa cha faili ni kifupi. Mafaili yako ni ya toleo la zamani, kichwa chake kirefu. Inaanza kusoma katikati ya kichwa, ndiyo maana inakwaruza." Akabadilisha mstari. Ndugu zangu, mmoja! Akaniangalia. "Haya Babu, toka nje."

Nikatoka. Nikasimama kibarazani, kwenye daftari za kuuza, najifanya nachagua. Yeye kavaa vya masikioni. Mara nikasikia kicheko, kicheko cha mtu aliyebanwa mbavu.

"Asha! Kuna nini?"

"Njoo Babu. Mwanzo huu si wimbo. Huu ni wako."

Akatoa vya masikioni, akabonyeza. Na sauti ya mke wangu ikajaa duka zima.

"Baba Hadija, umeshatoka? Sogea huko. Sogea, nakiona kivuli chako mlangoni. Nenda mpaka kwenye mkorosho!"

Asha akasimamisha hapo hapo. Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani. Wallahi, miguu ilikwenda yenyewe, kama alivyoizoesha. Nikarudi nafuta macho na kofia, nacheka, sijui nilikuwa nafanya lipi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikatoka tena.

"Kila faili linaanza hivihivi," akaniambia. "Anakufukuza kwanza, halafu anaimba. Nikukatie vipande vyako uwe navyo peke yavyo?"

Nikawaza. "Nipe nakala ya vipande vyangu. Lakini kwenye nyimbo usikate kitu. Zibaki alivyoziacha."

Akaziweka katika aina huria, inayosomwa na chombo chochote, leo na hata wakishaondoka walioitengeneza. Kisha akawasha mtandao na kuutuma ule mstari alioubadilisha kwa wanaoitunza programu. Mstari peke yake, siyo nyimbo, nilisimama juu ya bega lake nikihakikisha. Chai ya pili haijapoa, mtu wa nchi ambayo sijawahi kuisikia akajibu asante, wameupokea. Kwa hiyo popote duniani, mjane mwenzangu mwenye mafaili kama yangu atakuta njia iko wazi, na hatajua kwamba imepita Gwata!

Nikamuuliza Asha nimpe nini. Akasema programu hii vitufe vyake vyote ni vya Kiingereza, nimsaidie kuvipa Kiswahili cha watu. Tukakaa mpaka alasiri. Yeye anasema kitufe kinafanya nini, mimi nasema sisi tungekiitaje. Alitaka maneno ya vitabuni, nikamkatalia, nikamwambia mtu wa Gwata akiona hilo atazima mashine. Pingili za mihogo akazipokea kwa mikono miwili, akazipanda nyuma ya duka papo hapo.

Nilirudi siku ya pili yake. Bi Mwanaidi alikuwa ananisubiri njia panda, hata salamu hakunipa. "Umesikia?"

"Nimesikia kufukuzwa tu."

Nilichojifunza, kwa mlio na haraka. Chombo unachokiwekea kitu chako cha thamani, kitafute kile ambacho hata mwenyewe akiondoka mtu mwingine anaweza kukifungua. Na kabla hujatupia kitu mtandaoni, uliza kinakwenda kwa nani. Usione haya kuchekwa. Mimi nilichekwa Kibaha, na bado ningeuliza tena.

Siku ya ngoma wanawake walijaa ndani, Zuhura katikati yao, spika imewekwa juu ya kinu. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nje karibu na mlango, nimejisahau, nasikiliza kama itawaka. Ikawaka.

"Baba Hadija, umeshatoka? Sogea huko. Sogea, nakiona kivuli chako mlangoni."

Mmoja akachungulia, akaniona pale pale nilipotajwa, na nyumba nzima ikalipuka kwa vicheko na vigelegele. Nikachukua kofia yangu, nikaenda zangu mpaka kwenye mkorosho.