Mzuka wa Bafta

Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, mama alikuwa akiitoa sanda yake chini ya sanduku na kuianika uani. Ilikuwa bafta nyeupe, pande zima, aliyoinunua mwenyewe kwa pesa za mahamri. Kwetu Mombasa hilo si jambo la ajabu. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa nayo, imekunjwa pamoja na kafuri, pamba na sabuni mpya, ili siku ikifika watoto wasianze kuhangaika madukani. Mimi nilikuwa nikizunguka nyuma ya choo ili nisipite karibu na ile kamba. Hata nilipokuwa mtu mzima, mwenye mume na mtoto, sikupenda kabisa kuitazama.

Basi alipokuja Dubai kutibiwa kifua, nikamfungulia begi lake nyumbani kwetu Al Mankhool na kuikuta chini ya madira yake, hasira zilinipanda.

"Mama, umekuja kutibiwa au umekuja kufa?"

"Nimekuja kutibiwa," akasema, akikaa kitandani polepole. "Lakini mtu hasafiri bila nguo zake."

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na ukumbi. Mume wangu alikuwa dereva Abu Dhabi na alirudi pale tu alipopata ruhusa, kwa hiyo tuliokuwepo siku nyingi ni sisi wanawake watatu: mimi, mama, na binti yangu wa miaka sita. Ukumbi tuliugawa kwa ubao wa jipsamu. Upande mmoja alilala mama, upande wa pili binti yangu. Ubao ule haukuzuia kitu. Kifua cha mama kilikuwa na mluzi mwembamba wakati wa kuvuta pumzi, kisha kimya, kisha kishindo kidogo cha kuitoa, na kile kimya cha katikati kilikuwa kirefu kuliko inavyostahili.

"Mama, ndani ya ukuta kuna mtu," binti yangu aliniambia asubuhi moja, akinywa chai. "Anavuta hewa yetu."

Nikamwambia ni bibi. Hakuniamini. Bibi aliyemjua yeye alikuwa wa kwenye simu, anayecheka na kuuliza habari za shule. Huyu wa nyuma ya ubao, mwenye harufu ya kafuri na mikono ya baridi, alikuwa mtu mwingine kabisa. Binti yangu alimwamkia kutoka mlangoni, shikamoo ya mbiombio, halafu huyo, kashatoweka. Kumbusu mkono, kama tulivyolelewa sisi, alikataa katakata. Siku moja nilimvuta kwa nguvu mpaka kitandani, akalia hadi akatapika. Mama akaurudisha mkono wake chini ya shuka na kuniambia nimwache mtoto.

Jioni ile alizungumza nami akiwa ameelekea ukutani. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba iliyobaki ni dawa tu za kumpunguzia taabu, na viza yake ilikuwa inaelekea ukingoni. Sote wawili tulijua kwamba akiondoka safari hii hatarudi.

"Mtoto ananiona nishakufa," akasema. "Nikifa aniogope, sawa. Lakini si sasa, nami bado naongea. Sitaki anikumbuke hivi."

Iliniuma, na ninapoumia mimi huwa nageuka mkali, kwa hiyo niliinuka nikaenda kugombana na vyombo.

Habari za Halowini, siku ya Wazungu ya kujifanya mizuka, zilitufikia kwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mkenya wa bara aliyekuwa akisafisha vyumba vya hoteli. Hotelini kwao walikuwa wamepamba ukumbi wa mapokezi kwa mafuvu na buibui, naye alivipiga picha vyote akawaonyesha wanawe, na tangu hapo wanawe hawakumpa nafasi ya kupumua. Kwake waliishi watu wengi mno, hapakuwa na pa kugeukia.

"Mama, tufanye tu ka-pati kadogo ka watoto hapa kwako," akaniambia. "Jumamosi mchana, na jioni khalas, kila mtu kwake. Hatununui kitu. Kila kitu tunatengeneza na mikono."

Nilikataa. Nikamwambia sisi Waislamu, na hiyo si sikukuu yetu. Sauti ya mama ikatoka nyuma ya ubao, na mluzi wake.

"Nani kasema sikukuu? Watoto watatishana, watacheka, watakula. Sisi tulipokuwa wadogo hatukutishana na mwanamke mwenye kwato za punda? Waje hapa."

Basi wakaja hapa. Wakati ule nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja la Bur Dubai, na arbab wangu, mwenye duka, aliniruhusu kuchukua masalio ya nguo nyeupe yaliyokuwa mafupi mno kuuzika. Jirani akaleta katoni za mayai, tukazikata vikombe vitatu vitatu na kuzipaka rangi nyeusi, zikawa popo. Vibomba vya karatasi ya chooni tulivitoboa macho na kuvitia taa ndogo ndani, tukavificha chini ya kochi. Boga la kuchonga lilikuwa ghali, tukachonga tikiti maji. Tulipolitia taa, mwanga ulitoka mwekundu kwenye meno yake, na nakiri lilitisha kuliko boga lolote la hotelini.

Kisha yakaja mabakuli. Mtoto afungwe macho, atie mkono, aambiwe anashika nini. Zabibu zilizomenywa zilikuwa macho ya maiti. Tende tulizozichomekea vijiti vya meno zilikuwa mende. Tambi baridi zilikuwa utumbo, na hapo ndipo mama alipotoka kitandani, akajikokota hadi jikoni na kuninyang'anya sufuria.

"Tambi gani hizi, hazina hata iliki?"

"Mama, ni utumbo wa maiti."

"Hata kama. Mtoto akilamba kidole je?"

Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Alikaa mezani akitengeneza mizuka midogo, mpira wa gazeti ndani, kitambaa juu, uzi shingoni. Binti yangu alikaa upande wa pili wa meza, mbali kadiri alivyoweza, akiwachora mizuka nyuso na kumsukumia bibi yake vitambaa kwa ncha ya rula. Niliona kwamba mama hakuwafunga shingoni tu. Alifunga kichwani, akafunga kiunoni, akafunga na chini, kwa tepe aliyoichana kwa mkono kutoka kitambaa hichohicho. Vifundo vile nilivijua. Niliwahi kuviona kwenye sanda za shangazi zangu.

"Mama, mzuka haufungwi miguuni."

"Usipofungwa utaondoka," akasema, na hakuwa anacheka.

Tuliwatundika darini kila mahali. Hewa ya kiyoyozi iliwazungusha taratibu, wakatazamana, wakapeana mgongo. Nilipokuwa nikirudi kazini na kufungua mlango, nilikuta karibu wote wamegeukia kwangu. Nilijua ni upepo wa mlango. Hata hivyo nilikuwa nawatolea salamu kimoyomoyo kabla ya kuvua viatu.

Siku moja kabla ya pati nilirudi nikamkuta binti yangu amelala kifudifudi sakafuni, juu ya kitambaa kikubwa cheupe, kalamu nene nyeusi mkononi. Alikuwa ameshachora jicho moja, la mviringo, kubwa, na la pili alikuwa anamalizia. Niliinama nikashika ncha ya kitambaa, na vidole vyangu vikajua kabla yangu. Dukani kwetu hakukuwa na kitambaa chenye ufumaji ule. Nikakisogeza puani, kikanuka kafuri.

"Nani amekupa hiki?"

"Bibi. Amesema mzuka mkubwa hauna macho."

Niliingia nyuma ya ubao na kufunga mlango. Mama alikuwa ameegemea mito, ananingoja.

"Mama, sanda si ya kuchezea! Umerogwa? Watu wa nyumbani wakisikia watasemaje?"

"Waseme. Nguo ni yangu, nimeinunua kwa mahamri yangu."

"Na siku yako utazikwa na nini?"

"Nayo." Akavuta pumzi, mluzi, kimya, nikangoja. "Wewe tangu u mdogo waizunguka hii nguo. Ulidhani sikuoni, kule nyuma ya choo? Mpaka leo wazunguka. Huyu hatazunguka."

Nilihisi aibu na uchungu kwa pamoja, na nilitoka bila hata kumfunika miguu.

Siku ya pati tulifunga mapazia, na mchana wa Dubai wote ukabaki nje, isipokuwa mstari mwembamba pembeni mwa dirisha. Watoto wa jengo walikuja, wa jirani na wenzao, Wahindi, Wafilipino, mmoja kavaa mfuko wa taka, mwingine kapakwa unga usoni. Walitia mikono kwenye tambi wakapiga mayowe. Jirani alikuwa akiwapanga foleni, "Yalla, mmoja mmoja, msisukumane," huku anakula mende wa tende. Nikasahau hasira zangu. Kwa muda nilifurahi kweli.

Nilikuwa nimemwacha mama kitandani. Kwa hiyo mtoto mmoja alipopiga kelele kwamba kwenye kona kuna mzuka wa kweli, nilidhani ni wale wa darini.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya ubao, mahali pasipofika mwanga wa tikiti. Bafta ilimfunika kutoka utosini hadi sakafuni, na macho mawili meusi yalikuwa yanatutazama, moja limeshuka kidogo kuliko jingine. Hakutikisika. Kitambaa kilichokuwa mbele ya mdomo kiliingia ndani, kikatoka. Mluzi ukasikika. Watoto walitimka wote kwa pamoja hadi jikoni, na yule wa mfuko wa taka akaanguka, wenzake wakamruka.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeizunguka nguo ile maisha yangu yote, na sasa ilikuwa imekaa kwenye kiti changu, na mama yumo ndani yake. Kitambaa kikaingia mdomoni, na hakikutoka. Nikangoja. Kimya kile nilikijua, nilikihesabu kila usiku, lakini hiki kilipita urefu wake wa kawaida, kikaendelea.

Binti yangu hakuwa amekimbia. Alikuwa mbele yangu, kichwa kimeinama upande, anasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza ukuta. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Akafika mbele ya kiti, akayatazama macho aliyoyachora mwenyewe.

"Bibi," akasema, "usibane pumzi. Nakujua."

Kitambaa kikatoka kwa kishindo. Chini yake mama alikuwa anacheka, anakohoa, anacheka. Binti yangu akaivuta sanda kutoka kichwani mwake, akaitupa sakafuni kama shuka la kufuliwa, kisha akageukia jikoni na kupaza sauti.

"Rudini! Ni bibi tu!"

Halafu akaushika ule mkono wa baridi akaubusu, upande mmoja na upande wa pili, bila kuambiwa na mtu. Mama alinitazama juu ya kichwa chake. Niliingia jikoni kukata tikiti ambalo tayari lilikuwa limekatwa, nikalia huko, na jirani akawaambia watoto kwamba ni vitunguu.

Siku zilizobaki mtoto alihamia nyuma ya ubao. Niliwasikia wakibishana, wakila, wakipanga kumtisha baba akija. Mama aliondoka kabla ya viza kwisha. Bafta aliifua kwa sabuni na ndimu mara nyingi, lakini yale macho hayakutoka, yalififia tu yakawa ya kijivu. Nilitaka kumnunulia nyingine pale dukani, ya bei, akakataa. Alisema ile ameshaizoea.

Aliishi akafunga Ramadhani moja zaidi, siku alizoweza. Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza, alituita mapema, tukafika Mombasa mama akiwa bado anatujua, na alipofariki tulikuwepo. Waoshaji walipoikunjua sanda waliduwaa. Mmoja akaniuliza alama gani hizi. Nikamwambia ni za mjukuu wake, na kwamba marehemu aliitaka hiyohiyo. Wakanong'onezana, kisha wakaikunja ili upande wenye macho ukae ndani.

Binti ndiye anayetakiwa kuingia kumwosha mama yake. Dada yangu aliingia. Mimi nilifika mlangoni na miguu ikagoma, nikasimama hapo nimeshika fremu, nasikia maji yakimwagika, mpaka wakamaliza na kumfunga, uso tu umeachwa wazi kwa ajili ya kuagana. Waliniita. Sikuweza. Harufu ya kafuri ilikuwa imejaa chumba, nami nilikuwa tena mtoto anayetafuta njia ya kupita nyuma ya choo.

Binti yangu alinipita ubavuni. Mwanamke mmoja alinyoosha mkono kumzuia, akateleza chini yake. Aliinama karibu na uso wa bibi yake, sikio karibu na mdomo, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Bibi, usibane pumzi," akasema polepole. "Nakujua."

Akangoja, kama mtu anavyongoja jibu. Kisha akainua kichwa, akambusu kwenye paji, akanigeukia pale mlangoni na kuninyooshea mkono.

"Njoo, mama," akasema. "Ni bibi tu."