Intaneti Iliyomkata Mtu Mmoja Tu

Begi lilikuwa begani na mguu mmoja ulishavuka mlango, ndipo nikamsikia dada yangu akisema kutoka chumba cha nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Amekatika tena."

Ningeendelea na safari yangu, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Nikageuka.

Wanaonifahamu wananiita Kiguu na Njia. Nimechimba mitaro, nimelinda maghala, nimepikia wajenzi wa barabara, nimeuza betri stendi. Shule nimeisoma vipande vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji mwingine. Kompyuta nilifundishwa na vijana wa ofisi moja niliyokuwa nalinda mlango wake. Walikuwa na muda, na mimi nilikuwa na maswali.

Dada yangu ni fundi cherehani, mkubwa kwangu. Ana mtoto mmoja tu, binti, anayefanya kazi ng'ambo kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Kila Jumapili mchana binti alikuwa anapiga kwenye kompyuta ya mama yake. Sisi wengine tulikuwa na simu za tochi, kwa hiyo kompyuta ile ndiyo ilikuwa barabara yao ya pekee.

Sasa ajabu yenyewe ni hii.

Intaneti ya nyumba ile haikuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa huyo binti.

Kwa kompyuta hiyo hiyo nilimpigia rafiki yangu wa zamani, mpishi mwenzangu, tukaongea upuuzi mpaka tukachokana. Haikukatika. Jirani akaja kuangalia mpira. Haikukatika. Binti akipiga, salamu zinafika vizuri, habari mbili tatu, halafu kimya.

Siku ile alipiga tena nikiwa bado na begi begani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona unatukimbia?"

Hakucheka. Akasema, "Afadhali upo. Mama, mkataba wangu unakaribia kuisha. Kuna kitu nataka ukione kwa macho yako. Ukishakiona ndipo nitajua kama narudi nyumbani au nabaki huku."

"Rudi tu," dada akasema. "Kitu gani cha kunitisha mimi?"

"Ngoja. Nawasha kamera."

Kompyuta ikalia *ting*.

Halafu kimya.

Nikainama chini ya meza kuangalia ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti. Taa zote za kijani, zinametameta kama hazina kosa. Nikaweka begi chini.

"Wewe si ulikuwa unaondoka?" dada akauliza.

"Nikishatengeneza hii."

"Basi hutaondoka," akasema, akacheka. "Na begi lako litoe njiani. Kila kitu humu ndani kina mahali pake."

Alikuwa mkali kwenye hilo. Nikisogeza kiti kidogo tu, nasikia maneno. Cherehani yake ameifunika shuka, nikamuuliza mbona hashoni. "Sindano za siku hizi matundu yake yamekuwa madogo," akanijibu, tukacheka wote.

Nikaanza na ninachokijua. Nikazima ruta, nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikaihamisha ruta mbali na friji. Jumapili ikafika, binti akapiga, mimi niko chini ya meza nakodolea taa macho. Salamu, habari, "nawasha kamera", *ting*, kimya. Taa hata hazikupepesa.

Ikabidi tumwite Fundi Kebo, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu mtaani. Wanamwita hivyo kwa sababu umpelekee ugonjwa wowote, jibu lake ni moja.

"Ni kebo," akasema hata kabla hajakaa.

"Kebo nimebadilisha."

"Basi ni ile uliyobadilishia."

Lakini alipofungua kompyuta akasogea karibu na kioo. Akanionyesha alama ndogo pembeni ya kioo, mfano wa ngao.

"Mzee, humu mna faiwoli. Programu ya ulinzi. Imekaa kama mlinzi wa getini, inauliza kila anayeingia na anayetoka. Hii imezidi ukali. Tuing'oe."

Dada akasimama.

"Haing'olewi. Mwanangu aliiweka kwa mkono wake siku aliyosafiri. Alisema kompyuta ilijaa virusi, hii itakulinda mama."

"Lakini mama, mlinzi wako anafukuza wageni."

"Mwanangu si mgeni."

Kebo akanitazama. Nikamtazama. Akafungasha bisibisi zake.

"Basi ni kebo," akasema, akaondoka.

Jumapili iliyofuata binti alichelewa kupiga. Iliyofuata hakupiga kabisa. Dada alikaa mbele ya kompyuta amevaa nguo ya kutokea, mikono mapajani, mpaka jua likaondoka dirishani.

"Atakuwa na kazi nyingi," akasema.

Alipopiga tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetimiza wajibu. Safari hii sikwenda chini ya meza. Nilivuta kiti, kwa idhini, nikakaa ubavuni kwa dada nione kioo mwenyewe.

"Mama, leo mara ya mwisho najaribu," binti akasema. "Nawasha kamera."

*Ting.*

Kidirisha kikaruka katikati ya kioo. Kina maandishi ya kigeni na vitufe viwili. Sijamaliza kusoma neno la kwanza, kidole cha dada kikashuka kwenye Enta.

Kimya. Binti hayupo.

"Dada. Umebonyeza nini?"

"Nimemruhusu aingie. Si ndivyo alivyonifundisha? Ikilia ting, bonyeza Enta."

Juu ya kitufe cha Enta alikuwa amegandisha kifungo cha shati kwa gundi. Nilikuwa nimeshamtania, dada, umeishonea kompyuta vifungo? Alinijibu, nisije nikakosea.

Nikatafuta mpaka nikaelewa. Sauti peke yake faiwoli ilikuwa inaiacha ipite. Picha ya mpigaji ikitaka kupita, inauliza kwanza. Zamani Enta ilikuwa inaruhusu. Halafu programu ikajisasisha yenyewe, kama zinavyofanya, na Enta ikageuka kuwa kukataa na kukata simu.

Miezi yote hiyo mlinzi alikuwa anauliza, huyu nimpitishe? Na mama mtu anajibu, mfukuze.

"Dada, ulikuwa unamkataa. Imeandikwa pale, kwa maandishi makubwa mekundu."

Akapapasa kile kifungo cha shati. Nikadhani ameona aibu kwa sababu ya lugha ya kigeni.

"Nani aliwaambia wabadilishe?" akasema mwisho.

Nilihangaika na ile programu mpaka nikapata mahali pa kuiambia huyu ni wa nyumbani, mruhusu siku zote, usiulize tena. Nikamwandikia binti kwa kidole kimoja: *Mpwa wangu, mtandao umetengemaa. Tulikuwa tunakosea sisi huku. Piga.*

Jumapili, kimya. Nyingine, kimya. Dada akaanza kuniuliza kama kweli nimetengeneza au nimeharibu zaidi. Begi langu lilikuwa nyuma ya mlango, sikuligusa.

Halafu mchana mmoja, wala si Jumapili, ikalia.

Hakusalimia. Akawasha kamera moja kwa moja. Hakukuwa na ting. Picha ikafunguka, safi kama dirisha.

Nikashika ukingo wa meza.

Nusu ya uso wa mpwa wangu ilikuwa imeungua. Kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni, ngozi imejikunja na kung'aa kama plastiki iliyosogezwa karibu na moto, jicho moja limevutwa chini. Yule mtoto niliyembeba mabegani. Alituangalia, anasubiri.

"Ameonekana?" dada akanong'ona.

Nikaitikia kwa koo tu.

Dada akainua uso, akatabasamu.

"Ah, mwanangu. Uso wako ni ule ule. Hauna hata doa."

Binti hakutikisika.

"Mama, niangalie vizuri."

"Nakuangalia. Umeng'aa kuliko siku uliyoondoka. Au nikwambie umenenepa ndiyo ufurahi?"

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia nini tena, jamani?"

Jicho zuri la binti likahamia kwangu. "Na wewe mjomba? Na wewe unasemaje?"

Nimeongea na askari wa mipakani, nimeongea na majambazi njiani, sijawahi kukosa neno. Siku ile niliinamia taa za ruta.

"Kila nikifungua uso wangu mnanikata," akasema. "Nikajiambia mama ameshtuka tu, atazoea. Nikarudia. Mkanikata. Nikarudia. Mkanikata. Leo mmeamua kunicheka."

Mkono wake ukaja mbele. Kioo kikawa cheusi. Alikata yeye mwenyewe.

Nikageuka kwa dada nimwambie, jamani tumefanya nini.

Dada alikuwa bado anatabasamu. Anatabasamu kuelekea ukutani, pembeni kidogo ya kioo, anaongea na kioo cheusi.

"Usiseme hivyo mwanangu, nani akucheke wewe? Na nywele umesuka vizuri. Nani anakusuka huko?"



Nikapitisha mkono wangu mbele ya macho yake. Polepole. Nikaurudisha.

Hakupepesa.

Cherehani iliyofunikwa. Kiti kisichosogezwa. Kidole anachokiweka kwenye ukingo wa kikombe anapomimina chai, mimi nikidhani ni mazoea. Kifungo cha shati juu ya Enta. Nimekaa nyumba moja na dada yangu, nahesabu taa za ruta, na sikuona kwamba haoni.

"Dada. Tangu lini?"

Tabasamu likashuka. Akajua ninauliza nini.

"Yalianza taratibu. Moja, halafu la pili." Akalainisha nguo mapajani. "Angejua angeacha kazi arudi kuniongoza mkono. Na wewe ungejua, ungekwama hapa. Mbona amenyamaza? Nimesema nini kibaya? Nimemsifia uso tu."

Nilipaswa kumwambia. Mnajua nilichomjibu?

"Mtandao, dada. Umekatika."

"Huo mtandao," akasema.

Nilimpigia binti hapo hapo. Ikaita, ikakataliwa. Nikaandika: *Mama yako ni kipofu. Hajauona uso wako hata mara moja. Hakukukata, alikuwa anabonyeza akukaribishe.* Ujumbe haukusomwa. Nilipojaribu tena jioni, akaunti haikuwepo.

Nikaandika barua kwenye ile hoteli. Ilijibiwa na mwanamke aliyekuwa anafanya naye kazi. Alisema mashine ya kupigia pasi mashuka ilipasuka mpira wa mvuke, binti akiwa mbele yake. Alisema mkataba ulipoisha alichukua sanduku lake, akaaga watu wachache, hakusema anaelekea wapi.

Hadi leo hatujui alipo.

Fundi Kebo alifunga kibanda. Siku hizi anaendesha lori la mchanga.

Dada yupo nyumba ile ile. Cherehani tuliiuza. Habari za uso wa mwanawe hajui, na kila ninapojiandaa kumwambia, namkuta ameshavaa nguo ya kutokea, yuko kwenye kiti.

Mimi sikuondoka. Kiguu na Njia wa watu sasa najua njia tatu tu, ya sokoni, ya zahanati, na ya kurudi. Begi liko nyuma ya mlango, mahali pake.

Ninyi mnaosoma hapa, mna wazazi mnaongea nao kupitia mashine. Simu ikikatika, msikimbilie waya kwanza, na msikimbilie kununa. Mwombeni aliye karibu nao awaulize wanaona nini mbele yao. Awaulize taratibu, na asikubali jibu la kwanza. Mimi nilikuwa karibu, nikauliza taa.

Jumapili dada huwa ananiuliza kama mtandao upo. Namwambia upo, unakuja na kukatika.

Haujakatika tangu siku ile.