Siku Mbili za Kutandikiwa

Kwenye kambi ile ya mahema ya kifahari, mwanamke aliyetandika vitanda aliitwa Bi Nyooshe. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hakuweza kupita karibu na shuka lenye makunyanzi bila kulivuta. Ya pili ni kwamba kila jambo lilipokwenda kombo, na kambini mambo yalikwenda kombo karibu kila siku, bosi alimwita na kumwambia maneno yale yale: "Bi Nyooshe, hebu linyooshe hili."

Naye alilinyoosha. Miaka kumi na moja alikuwa akinyoosha.

Kambi yenyewe ilikuwa na mahema tisa ya wageni, yamepangwa kwa mstari kutoka getini hadi ukingoni mwa mto. Usidhani ni mahema ya kulala chini na kuamka mgongo umekakamaa. Kila moja lilisimama juu ya jukwaa la mbao, lina kitanda cha futi sita kwa sita, zulia, taa za kusomea, na bafu la maji moto nyuma ya pazia. Mgeni akiteremka garini hupewa kitambaa chenye ubaridi cha kupangusia uso na glasi ya juisi. Kabla hajamaliza juisi, mzigo wake umeshafika kitandani. Wahudumu walikumbuka nani hanywi maziwa, nani anaogopa vyura, nani hapendi kuamshwa. Kwa huduma, kambi ile haikuwa na mpinzani.

Kwa mpangilio, ilikuwa Mungu saidia.

Nafasi za wageni zilipokelewa na watu watatu. Bosi alipokea kwa simu yake, mara nyingi huku akiendesha gari. Shemeji yake, aliyekaa mjini, alipokea kwa simu yake. Karani wa mapokezi, binti mpole mwenye mwandiko wa kupendeza, aliandika daftarini kile ambacho wawili hao walikumbuka kumwambia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hawa hawakukubaliana hata mbele ya chombo ni wapi. Shemeji alihesabu mahema kuanzia getini, kwa kuwa ndivyo alivyoyaona siku ya kwanza alipofika. Karani alihesabu kuanzia mtoni, kwa kuwa fundi aliyeyajenga alianzia huko. Kwa hiyo hema la tatu la shemeji lilikuwa la saba la karani, na hema pekee walilopatana ni la tano, lililo katikati. Kila mwaka ilisemwa kwamba yatabandikwa namba. Vibao vilishachongwa na kupakwa rangi, vikawekwa stoo, kwa sababu hakuna aliyetaka kuamua vianzie upande gani.

Basi angalau mara moja kwa wiki, watu wasiojuana walikutana mbele ya kitanda kimoja. Hapo ndipo ufundi wa Bi Nyooshe ulipoonekana. Alisimama pembeni kidogo, akawatazama wote, akamtafuta aliye mpole. Daima yupo. Ni yule anayesema "hakuna neno" kabla hajaulizwa. Bi Nyooshe alimwendea huyo, akamsifia hema jingine, akambebea mkoba mwenyewe, akamwekea maua mezani na kipande cha keki, na mtu akahama akiwa anashukuru. Katika kitabu cha wageni mmoja aliandika: "Tulihamishwa mara mbili, na mara zote mbili tulifurahi." Bosi aliusoma ukurasa huo kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, kama anayesoma matokeo ya mtihani.

Bi Nyooshe alipotimiza miaka kumi na moja kazini, bosi alitaka kumpa cheti na saa ya ukutani.

"Saa ninayo," akasema Bi Nyooshe. "Nipe hema. Siku mbili, kwa ajili ya dada yangu."

Dada yake mkubwa alikuwa ndiyo kwanza amestaafu. Miaka thelathini na mitatu alipikia shule ya bweni, watoto mia sita, mara tatu kwa siku. Kabla ya hapo alimlea Bi Nyooshe mwenyewe, mama yao alipofariki mmoja akiwa na miaka kumi na tisa na mwingine minne. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Huyu mpishi hakuwahi hata kukaa mezani. Alikula amesimama kando ya jiko, sahani mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia. Bi Nyooshe alitaka jambo moja tu: dada yake ahudumiwe siku mbili, kama watu wengine wanavyohudumiwa, na asiinuke kumpisha mtu.

Bosi akakubali. Karani akaandika daftarini, kwa wino mwekundu: hema la saba, dada wa Bi Nyooshe.

Dada alifika saa nne asubuhi na begi moja la kitambaa, amevaa viatu vya jikoni. Mhudumu alipomnyooshea kitambaa chenye ubaridi, akakipokea, akapangusa nacho kaunta ya mapokezi.

"Ni cha uso, mama," mhudumu akamwambia kwa adabu.

"Uso wangu ni msafi. Kaunta yenu je?"

Bi Nyooshe akatoka mbio kumlaki. "Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda? Hapa wanawalisha au wanawaonyesha?"

Akampeleka hemani. Dada alizunguka kitanda mara mbili bila kukigusa, akafungua bomba la maji moto, akalifunga haraka asije akaharibu maji ya watu. Akauliza wanalala wangapi humu. Alipoambiwa ni yeye peke yake, akacheka.

"Peke yangu? Nitapotea, mje mnitafute na tochi."

Saa sita hakuonekana. Walimkuta jikoni, amefunga aproni, anamwelekeza mpishi wa kambi jinsi ya kukata vitunguu bila kulia. Mpishi, jibaba la kilo mia moja na zaidi, alikuwa anatii kama mwanafunzi.

"Dada, toka humo," Bi Nyooshe akasema mlangoni.

"Natoka. Ngoja nimalizie hili fungu."

"Mpishi, mtoe."

"Mimi?" mpishi akajibu. "Mimi bado najifunza."

Akatolewa kwa kushikwa mkono, akakalishwa kwenye kiti cha turubai mbele ya hema, akaletewa chakula cha mchana. Alikula haraka, kisha akakusanya sahani na kuzipanga moja juu ya nyingine, kubwa chini, ndogo juu. Angalau ameketi, Bi Nyooshe akajiambia. Mwanzo ni mwanzo.

Saa tisa alasiri likaingia gari, wakashuka mzee mmoja mwalimu mstaafu na mkewe, wakiwa na sanduku moja na mwavuli. Mwalimu alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi ilitoka kwa shemeji: hema la tatu, siku mbili, imelipwa yote.

Karani aliisoma, rangi ikamtoka. Juzi lilikuwa limebaki hema moja tu tupu kambini, la tatu kwa hesabu yake ya kutoka mtoni. Aliwapigia simu wote wawili, bosi na shemeji, kuwaarifu. Bosi akaliuza mara moja kwa familia iliyokwisha kuingia mchana ule. Shemeji naye akaliuza kwa hawa wazee, na kwenye karatasi akaandika la tatu alilolijua yeye, la tatu kutoka getini. Hilo ndilo la saba kutoka mtoni. Ndilo la dada.

"Miaka arobaini ananiahidi safari," mke wa mwalimu akasema, akiketi juu ya sanduku. "Nilijua tu tutaishia hapa."

"Vumilia kidogo," mwalimu akamwambia.

"Navumilia. Hiyo ndiyo kazi niliyoolewa kufanya."

Wakaletewa juisi. Bosi akafika, akawaamkia kwa heshima zote, kisha akamvuta Bi Nyooshe nyuma ya ghala la kuni.

"Bi Nyooshe, hebu linyooshe hili."

Bi Nyooshe tayari alikuwa ameshatazama, kama ilivyo desturi yake, akimtafuta mpole wa kuhamishwa. Watalii wa hema la kwanza walikuwa wakali. Familia ile ilikuwa na watoto wadogo waliokwisha kulala. Mwalimu alikuwa na karatasi. Katika kambi nzima, aliye mpole kuliko wote alikuwa mmoja, na wakati ule alikuwa amekaa mbele ya hema lake akikunja vitambaa vya mezani ambavyo hakuna aliyemwomba avikunje.

Hapo akawakumbuka wengine wote. Bibi aliyekuja na mjukuu. Msichana aliyesafiri peke yake na vitabu vyake. Kila mmoja alimpa keki na maua, na kila mmoja alimnyang'anya kitanda alichokilipia. Hakuwahi kumhamisha mwenye sauti kubwa.

"Dada yako ni mtu wa nyumbani," bosi akaendelea kwa upole. "Alale kule kwa wafanyakazi, kesho kutwa tutaangalia. Ataelewa."

"Ataelewa, ndiyo. Huyo tangu azaliwe hajakosa kuelewa. Ndiyo maana simwambii."

"Sasa tufanyeje? Hema hakuna."

"Hema lipo."

"Lipi?"

"La kwako."

Bosi akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. Hema la bosi lilikuwa nyuma ya miti, la kwanza kujengwa, kubwa kuliko yote, na kutoka barazani mwake mto ulionekana hadi kwenye kona ya pili.

"Bi Nyooshe, mimi ndiye mwenye kambi."

"Na hawa ni wageni wako, bosi. Na yule pia ni mgeni wako, ulimpa mwenyewe, kwa wino mwekundu. Mimi leo simhamishi mtu. Ukitaka ahame, nenda kamwambie wewe. Yuko pale."

Bosi akatazama pale. Dada mkubwa alimwona, akamsalimia kwa kuinua kitambaa kilichokunjwa pembe tatu, safi kama bahasha. Bosi akainua mkono kumjibu, akaushusha polepole.

"Na mimi nilale wapi?"

"Stoo. Kuna magodoro mapya, bado yana nailoni. Nitakutandikia vizuri."

Miaka kumi na moja hakuwahi kumkatalia mtu yule. Bosi akakuna shingo, akatazama viatu vyake, akatazama mto.

"Kwenye droo kuna soksi zangu," akasema mwishowe. "Zitoe kabla hawajaingia."

Kwa dakika arobaini Bi Nyooshe na wenzake wawili waligeuza makao ya bosi kuwa hema la wageni. Soksi zilitolewa, na majarida, na dumbeli moja ya mazoezi isiyo na mwenzake. Mke wa mwalimu alipoingia na kuona mto ule wote, akamgeukia mumewe, akamtazama kana kwamba ni yeye aliyeuchimba.

Lakini karani, kwa moyo wake mzuri, alikuwa amekwenda kumwomba dada radhi kwa usumbufu wa hema. Dada hakuwa na habari ya usumbufu wowote. Bi Nyooshe alipokuwa anarudi alimkuta njiani, begi begani, amekwisha kuvaa viatu vya jikoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwako, kule mnakolala. Wazee wa watu wamekosa pa kulala, mimi nimejimwaga kwenye kitanda cha futi sita?"

"Wameshapata, dada. Wanakunywa chai."

"Wapi?"

"Kwa bosi."

"Na bosi?"

"Stoo."

Dada aliweka begi chini, akacheka mpaka akashika mti. "Mwenye kambi? Stoo? We mtoto, utafukuzwa kazi!"

"Huenda."

"Basi ngoja niende mimi stoo, yeye arudi..."

"Dada." Bi Nyooshe akalichukua begi. "Miaka kumi na moja nawatandikia watu nisiowajua. Wewe nimekutandikia mara moja, tena unakunja virago. Nimekukosea nini?"

Upepo mwepesi ulipita ukitikisa turubai za mahema.

"Sijui kukaa, mdogo wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nikikaa naona kama kuna kitu kinaungua."

"Kikiungua, kuna mpishi. Umemfundisha mwenyewe."

Wakarudi pamoja hemani, begi likiwa mkononi mwa mdogo.

Asubuhi ya pili, bosi alitoka stoo ameshika shingo, akapita mbele ya Bi Nyooshe, akasema habari za asubuhi na lingine hakusema. Baadaye akaonekana na karani, nyundo mkononi, wakibishana mbele ya hema la kwanza, au la tisa.

Bi Nyooshe alibeba sinia la chai hadi kwa dada. Alimkuta ameamka, ameoga, na kitanda ametandika mwenyewe, shuka limekazwa kama ngozi ya ngoma. Aliweka sinia mezani, akavuta shuka lote likaanguka chini, akaanza upya. Dada akashika pembe moja ili asaidie. Bi Nyooshe akamtoa vidole kimoja kimoja. Dada akashika pembe nyingine. Wakavutana, wakacheka kidogo, wakavutana tena, mpaka dada akaachia, akatoka nje, akaketi kwenye kiti cha turubai.

Akakaa. Hapakuwa na cha kukunja. Akanyoosha miguu, akaitazama, kama mtu anayeona miguu yake kwa mara ya kwanza. Bi Nyooshe alipomaliza kitanda alimmiminia chai, akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama anavyosimama kwa wageni.

Dada akanywa funda moja. Akakunja uso. Akageuka nusu, akataka kusema, akasita, kisha akamnyooshea kikombe.

"Imepoa hii. Niletee nyingine."

"Sawa, mama," akajibu Bi Nyooshe, akakipokea kwa mikono miwili.

"Na sukari uongeze."

Bi Nyooshe alishuka ngazi za jukwaa, akaelekea jikoni kwa hatua ndefu, na nyuma yake hakusikia kiti kikisogea.