Yusta Alivyorudi Mbalizi

Kwenye maghala ya nafaka ya Mbalizi, hakuna aliyechambua maharage kumzidi Yusta. Alikaa chini, miguu kainyoosha, ungo mapajani, na vidole vyake viliokota mawe na punje zilizooza huku mdomo ukiendelea na mazungumzo. Wafanyabiashara waliopeleka mzigo Dar es Salaam walimwulizia yeye kwanza. Gunia lililopita mikononi mwa Yusta, walisema, halirudishwi na mnunuzi.

Kazi ikiisha jioni, wenzake walijifunga vitenge wakaenda makwao kuwasha moto. Yusta alivuka barabara kuu mpaka kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi ambalo lilikuwa limefungwa zaidi ya mwaka, akakunjua mkeka wake. Upande wa pili wa baraza alilala mzee Gwakisa, mwashi wa zamani aliyevimba miguu. Hao wawili ndio ambao watu wa Mbalizi waliwaita "wale wa barazani".

Yusta hakuzaliwa barazani. Kwao ni Iringa. Aliolewa na dereva wa fuso, mwenyeji wa Mbalizi, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu na kuishi humo miaka kumi na tisa bila kujaliwa mtoto. Dereva alipofariki, shemeji zake walingoja matanga yaishe, kisha wakamweleza kwa upole kabisa kwamba kiwanja kiliandikwa kwa jina la kaka mkubwa. Yusta alifungasha akaenda Iringa kwa mdogo wake, Kasian. Kasian alimpokea vizuri. Lakini kila mgeni alipoingia, wifi yake, Tekla, alimtambulisha hivi: "Huyu ni wifi, yupo kwa muda." Mwezi wa nne Yusta akaaga. Mbalizi kulikuwa na kazi anayoijua, na yeye alikuwa amezoea kula jasho lake.

Baraza lilikuwa la wiki mbili tu, mpaka apate kodi ya chumba. Kodi aliipata. Chumba ndicho hakukipata. Hapo akajifunza jambo ambalo hakuwahi kulifikiria alipokuwa na paa lake: mtu akishaonekana analala nje, hata pesa yake hutiliwa shaka. Mwenye nyumba mmoja alitaka kumwona mume. Mwingine alisimama getini akamwombea, tena kwa sauti, halafu akafunga geti. Esnath, mama mjane aliyekuwa na vyumba vinne nyuma ya soko, alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani akasema, "Pole dada, kimeshachukuliwa jana." Wiki tatu baadaye Yusta alipita hapo akakiona kile chumba kiko vilevile, dirisha wazi, ndani kuku wanataga.

Watu hawakuwa wabaya. Wengine walimtupia sarafu bila kusimama, naye akawaita warudi kuzichukua. Kina mama wa usharika walikuja Jumapili moja na blanketi zito, wakaimba pambio, wakampiga picha. Yusta alishukuru, maana baridi ya Juni huko si ya mchezo, kisha akauliza, "Kati yenu, nani ana chumba cha kupanga? Kodi ninayo." Kina mama wakatazama blanketi. Mmoja akasema Bwana atafungua njia.

Siku zikaenda hivyo mpaka ikasikika kwamba kuna wageni wakubwa wanakuja kufungua majengo mapya ya soko. Mitaro ikazibuliwa, kuta zikapakwa chokaa. Jumanne alfajiri, Yusta akiwa anakunja mkeka, lori likasimama mbele ya baraza wakashuka mgambo wanne.

"Pandeni," alisema mmoja.

"Mimi nina kazi saa moja," Yusta akajibu. "Niulizieni ghalani."

Kati ya wale mgambo alikuwemo Lugano, ambaye mke wake alikaa na Yusta ungo kwa ungo kila siku. Yusta akamtazama. Lugano akaanza kufunga kamba za kiatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Wakapakiwa watu saba pamoja na waliookotwa kwenye mabaraza mengine, Gwakisa akiinuliwa kwa makwapa, na lori likashika barabara kuu kuelekea mashariki. Walipita Mbeya mjini, wakapita Uyole, wakateremka na jua likawapiga, na baada ya zaidi ya kilomita mia moja wakashushwa Igawa, kando ya lami.

"Wewe si wa Iringa?" mgambo alimwambia Yusta. "Iringa ni huko mbele. Endelea nayo hiyo barabara."

Lori likageuza. Watu saba wakabaki wamesimama, na wauzaji wa mchele pale barabarani wakaanza kusogeza mifuko yao karibu na miguu. Yusta aliona walivyosogeza. Miezi yote ya barazani hakuwahi kuona aibu, kwa kuwa Mbalizi alijulikana kwa kazi yake, na hata waliomnyima chumba walimjua jina. Hapa alikuwa mtu aliyemwagwa, basi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Halafu akaona mwanamke mmoja mnene anapeta mchele kivivu, pumba zinarudi humohumo kwenye ungo, na mikono yake yeye ikamwasha.

"Kamwene," alimsalimu kwa Kihehe. "Dada, upepo unatoka nyuma yako. Ukigeuka utapeta mara moja tu."

Mwanamke akacheka. Aliitwa Sekela. Aligeuka, akapeta, akaona kweli. Kufika adhuhuri Yusta alikuwa amempetea magunia mawili, Gwakisa ameketi kwenye kibanda cha Sekela akila wali na maharage, na Sekela amesikiliza habari yote tangu mwanzo.

"Sasa utakwenda Iringa?" aliuliza Sekela.

"Iringa nitakwenda siku nikitaka kumsalimia mdogo wangu," Yusta alisema. "Leo narudi Mbalizi. Kesho nina maharage ya watu."

Gwakisa hakuweza safari. Sekela akasema mzee abaki, wataonana. Yusta akapakiwa kwenye lori la mchele lililokuwa linaelekea Tunduma, na Jumatano saa moja asubuhi alikuwa chini ghalani, ungo mapajani.

"Tulijua umesafiri," mke wa Lugano alisema bila kumwangalia usoni.

"Nilisafirishwa," Yusta akajibu, akaendelea kuchambua.

Jumamosi ulikuwepo mkutano wa kitongoji. Ajenda ilikuwa maji, na maji yalijadiliwa mpaka watu wakachoka. Mwenyekiti, mzee Ezron, alipofika kwenye mengineyo, Yusta akanyoosha mkono, akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kile cha harusi ya mtoto wa shemeji.

"Shikamoo mwenyekiti. Mimi nina swali moja. Jumanne nilipakiwa kwenye lori nikatupwa Igawa. Nataka kujua kama mimi ni mkazi wa kitongoji hiki au siyo."

Ezron akavua miwani. "Mama Yusta, lile lilikuwa agizo. Lilitoka juu."

"Sijauliza lilitoka wapi, mzee. Nauliza kama ni mkazi. Nimeishi hapa miaka ishirini. Maharage mnayoyala kwenye misiba yenu nimeyachambua mimi."

Ezron akafunua daftari la wakazi, akapekua, akakohoa. "Tatizo ni daftari. Linataka jina la mwenye nyumba unakoishi."

"Basi niandike kwa jina la yeyote aliyeninyima chumba. Wako hapa zaidi ya wanane. Chagua mmoja."

Kicheko kilizuka, kikafa kikiwa hakijafika nyuma. Yusta hakukaa. Alisimama tu, mikono imetulia, akingoja ajibiwe kama mtu anayengoja chenji yake dukani. Lugano alikuwa ameegemea mlango, akainamisha kichwa. Ndipo Esnath akainuka katikati ya wanawake, akijifunga upya kitenge kilichokuwa hakijalegea.

"Mimi ni mmojawapo," alisema. "Nilimwambia chumba kimechukuliwa. Hakijachukuliwa. Nilihofia wapangaji wengine watasema nini. Kina kuku. Nitawatoa leo."

"Kodi ni ileile uliyoniambia siku ile?" Yusta aliuliza.

"Ileile."

"Miezi mitatu mitatu, kama wengine?"

"Kama wengine."

"Mwenyekiti, niandike," Yusta alisema. "Na tukimaliza jina langu, tuandike na ya wale sita wengine, tuulizane wako wapi."

Liliandikwa. Wiki iliyofuata usharika ulitoa gari, na Yusta akapanda mbele, pembeni ya dereva, kwenda kuwatafuta. Walirudi na watatu. Wawili hawakuonekana, na mpaka leo hakuna ajuaye walielekea wapi. Gwakisa alikataa kupanda. Sekela alikuwa amempa kazi ya kulinda mzigo mchana, na Igawa kuna joto. "Miguu yangu inapapenda huku, mwanangu," alisema. "Nisalimie lile baraza."

Mgambo hawajarudi tena na lori. Wengine wanasema ni kwa sababu wageni wameshaondoka, wengine wanasema ni kwa sababu Ezron sasa anaogopa mengineyo.

Yusta yuko kwa Esnath mwaka wa pili sasa. Chumba kilichukua mwezi mzima kuacha harufu ya kuku. Ana kitanda, ana jiko la mkaa, na mlangoni ana kufuli kubwa. Asubuhi moja mwezi huu Esnath alisimama uani, mkono kiunoni.

"Yusta, leo zamu ya choo ni ya nani?"

"Ya mwalimu wa chumba cha tatu."

"Mwalimu alifanya juzi. Usinifanye mtoto."

"Basi nitafanya nikirudi. Nimechelewa ghalani."

"Kila mara ukirudi, ukirudi. Nitakuongezea kodi mimi."

"Ongeza, nihamie kwa jirani," Yusta akasema, akachukua ungo wake akatoka, huku Esnath akiendelea kumfokea mpaka kwenye kona.