Kitambaa cha Mama Juu ya Sipiyu

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha. Naogopa radi, naogopa sindano, naogopa simu inayoita alfajiri. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa boksi la kompyuta yangu ya mezani, lile ambalo sote huku tunaliita sipiyu, siku niliyoshika bisibisi ili kulifungua.

Lilikuwa limezeeka. Nililinunua likiwa mtumba, na ndilo lililonilisha kwa picha za pasipoti na harusi za Ujiji. Siku za mwisho nilikuwa nikifungua picha moja kuisafisha, naenda kuchemsha chai, naimaliza, narudi naikuta bado inajikokota. Tena diski iliyo ndani ilikuwa imeanza kugonga, tik, tik, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Diski ikianza mlio huo haina maisha marefu.

Ingekuwa ni kazi za wateja tu, ningelala usingizi. Lakini mle ndani alikuwamo baba.

Alipofariki, kabla ya arobaini yake, nilipiga kwa kamera picha zote za albamu ya nyumbani nikaziweka kwenye kompyuta. Wakati huo tulikuwa tukiishi Bangwe, karibu na maji. Halafu ziwa likapanda. Halikuja kwa kelele. Liliingia uani, likaingia chumbani, na albamu iliyokuwa chini ya kitanda cha mama tukaikuta imekuwa uji. Tukahamia Buzebazeba na magodoro, masufuria na ile kompyuta. Sura ya baba haikuwa imebaki mahali pengine popote. Nilijaribu kuzihamishia picha zile kwenye flashi, lakini kila nilipojaribu kompyuta iliganda na diski ikazidi kugonga, nami nikaacha kwa hofu.

Nikaagiza vifaa kutoka Dar: RAM ya kuongeza, diski mpya isiyozunguka, na kadi ya picha. Hiyo kadi, niseme ukweli, haikuwa kwa ajili ya harusi peke yake. Nina ndevu zenye mvi na napenda kucheza mpira wa kompyuta, na nilikuwa nimechoka kuona wachezaji wangu wakikimbia kana kwamba uwanja umejaa matope.

Mama alikuwa mkekani akifuma. Nyumbani kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, na sipiyu ilikuwa na chake, cheupe chenye maua ya zambarau, kirefu hadi chini.

"Unamfungua?" akaniuliza.

"Naifungua, mama."

"Na baba yako utamweka wapi?"

Nikakivua kitambaa, nikaanza kulegeza skrubu. Moja ikadondoka na kupotelea chini ya kabati. Ndani ya boksi mlikuwa na vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha. Nikalisafisha kwa brashi, nikachomeka RAM, nikafunga diski mpya kando ya ile ya zamani, nikaisukuma kadi mahali pake mpaka ikalia ka! Roho ikaniruka, nikadhani nimeivunja. Nikaurudisha ubavu wa boksi, nikawasha. Ikawaka. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, mama naye akaitikia bila kujua ni ya nini.

Kazi iliyobaki ndiyo niliyoiogopa zaidi: kuzihamisha picha kutoka diski ya zamani. Nikaanzisha. Diski ikagonga. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Mimi siwezi kukaa nikatazama jambo kama hilo, nikatoka kibarazani. Niliporudi, kioo kilikuwa cheusi.

Umeme ulikuwepo, taa ilikuwa inawaka. Nikavuta kitambaa nikakitupa kitini, nikabonyeza kitufe, ikaamka. Zilikuwa zimehama picha chache tu, za harusi ya shangazi. Ya baba hata moja. Nikaanzisha upya, nikatoka. Nikarudi, giza tena. Sasa hofu ikawa hofu kweli. Kila ilipozimika ghafla namna ile niliona naipunguzia diski uhai wake wa mwisho. Nikamlaumu aliyeniuzia kadi. Nikamshuku hata jirani aliyekuja asubuhi kuchungulia maboksi.

Mara ya tatu nilianzisha, nikafika mlangoni, nikakumbuka nimeacha simu, nikageuka. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sipiyu. Alikuwa anaifunika. Alikishusha kile kitambaa upande wa nyuma, kunakotoka upepo wa moto, akakichomeka vizuri chini yake.

"Mama! Unafanya nini?"

"Oya, mwana wanje," akakana kwa kilugha cha nyumbani, "mwanangu, usinipigie kelele. Baba yako yumo humu. Nimwache wazi aliwe na vumbi?" Akakilainisha kwa kiganja. "Hata wakati wa joto hakuwa akilala bila shuka."

Nilikuwa na hasira ya kuvunja vyombo, lakini nikabaki nakitazama kile kitambaa. Miaka yote kitambaa kile kilikuwa pale, nami nilikuwa nimekizoea kiasi cha kutokiona. Kompyuta ya zamani ilikivumilia kwa kuwa haikuwa na joto la kutisha. Hii yenye kadi mpya ilikuwa inakosa hewa.

Nikamweleza. Hakubishana. Alikitoa mwenyewe, nami nikabandua ubavu wa boksi. Kisha akaenda jikoni akarudi na kipepeo cha ukindu, kile cha kupepea mkaa, akakaa chini na kuanza kupepea. Mstari ukatambaa. Diski ikagonga, ikanyamaza, ikagonga. Kila iliponyamaza moyo wangu ulisimama, na mkono wa mama nao ukaongeza kasi.

Ilipofika mwisho nikafungua picha moja. Baba amesimama Ilagala na baiskeli, shati limechomekewa, anakunja uso kwa jua. Nikamwambia mama imekwisha, apumzike. Aliitazama picha, akaendelea kupepea.

Kesho yake diski ya zamani haikuzunguka tena. Niliifungua niitupe, mama akaipokea kwa mikono miwili. Aliizungushia kitambaa chenye maua ya zambarau, akaiweka ndani ya sanduku lake, chini ya vitenge. Kabla ya kufunga akaniangalia kwa wasiwasi.

"Na huyu naye anataka hewa?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Huyo mfunike tu."